Taa ya Kati

Pazia lilikwama saa tisa na dakika saba alasiri, na Sajenti Veneranda wa upelelezi akaandika hivyo hivyo kwenye daftari lake: 9:07, pazia. Lilikuwa limefunguka nusu tu. Watazamaji walibaki wakikodolea macho nusu ya ziwa la turubai na nusu ya mwigizaji mmoja aliyeshika kasia, asijue apige au asubiri.

"Imbeni," Skolastika, mwongozaji wa mchezo, aliwanong'oneza waigizaji waliokuwa nyuma ya jukwaa. "Wimbo wa alfajiri."

"Wimbo wa alfajiri uko mwishoni, mama."

"Leo uko mwanzoni. Imbeni."

Wakaimba. Skolastika akavua viatu, akapanda kwenye kiti, akaikumbatia kamba ya pazia na kujiachia nayo kwa uzito wake wote, ambao haukuwa haba. Pazia likaachia. Ukumbi mzima wa Ujiji ukapiga makofi, ukidhani ndivyo mchezo ulivyopangwa.

Veneranda naye nusura apige makofi. Alikuwa anafurahia, na aliona aibu kidogo, maana hakuja hapo kustarehe.

Siku mbili kabla, Ijumaa, mchezo huo huo ulioneshwa kwa waalikwa katika ukumbi huo huo. Katikati ya onesho taa zikazimika. Lulu, mwigizaji mkuu, alikuwa anavuka ubao ulio juu ya mtumbwi wa mbao uliojengwa jukwaani, kimo cha mita tatu. Akakanyaga hewa. Sasa alikuwa hospitalini na nyonga iliyovunjika, na Wilfred, fundi umeme wa kikundi, kijana wa Simbo, alikuwa amelala mahabusu siku mbili.

Ushahidi dhidi ya Wilfred ulikuwa umepangika vizuri mno. Kwanza, wiki mbili zilizopita Lulu alikuwa ameikataa posa yake, na mji mzima ulijua. Pili, taa zilipozimika, watu watatu walimwona mikono yake ikiwa kwenye ubao wa swichi. Yeye alisema alikimbilia pale kuziwasha. Tatu, na hili ndilo lililommaliza, Mzee Yona, mvuvi wa siku nyingi aliyekuwa ameketi mbele ya ubao huo, aliapa kwamba hakuna mtu mwingine aliyeusogelea.

"Mchezo utarudiwa Jumapili," Inspekta Telesphory alikuwa amemwambia Veneranda. "Umeomba urudiwe kama ulivyokuwa, nimekubali. Ila ukiisha kabla hujanipa jina jingine, kesho asubuhi Wilfred anasomewa shitaka la kujeruhi kwa makusudi. Tusisumbuane zaidi ya hapo."

Ndiyo maana leo Wilfred aliketi mstari wa mbele, ubavuni kwa Inspekta, mikono juu ya magoti kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Pingu zilikuwa mfukoni mwa Inspekta. Nyuma yao ukumbi ulifurika hadi milangoni. Mbalamwezi ilikuwa imeingia, na kwenye mwanga wake dagaa hawafuati taa, kwa hiyo mitumbwi ya dagaa ilikuwa imelala ufukweni Kibirizi, na wavuvi ambao kwa kawaida saa hizo wangekuwa wanaandaa nyavu walikuja kutazama mchezo unaowahusu.

Na kwa sababu hiyo hiyo ya mbalamwezi, mchezo ulikuwa na taa. Umeme wa ukumbi ulikuwa hauaminiki, kwa hiyo Skolastika aliwaomba wavuvi taa zao za dagaa. Zilikuja tisa pamoja na betri zake, na Mzee Yona, aliyeshika taa ziwani miaka thelathini, akaja nazo. Wilfred alizitundika juu ya jukwaa, akavuta nyaya mpaka kwenye ubao mmoja nyuma ya pazia, kila taa na swichi yake. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi ili mchana ubaki nje.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinamkera Veneranda tangu Ijumaa, nacho hakikumpa raha hata usingizini. Taa zilizozimika zilikuwa nane. Moja ilibaki inawaka.

*

Saa tisa na dakika ishirini na tisa jenereta la vipaza sauti lilikohoa, likanyamaza, likakohoa tena. Mwigizaji mmoja akageukia upande wa sauti, akasema, "Mnamsikia mjomba wangu? Ameanza tena pumu." Watu walicheka mpaka jenereta likakaa sawa. Veneranda akaandika.

Saa kumi kasoro dakika nne ikafika sehemu yenyewe. Melania, msichana aliyechukua nafasi ya Lulu, alipanda ngazi ya mtumbwi. Nyuma ya turubai, mahali ambapo watazamaji hawaoni, Veneranda alikuwa amepanga magodoro sita. Alisimama pembeni ya jukwaa, jicho moja kwenye ubao wa swichi, jingine kwa Melania.

Thobias, aliyeigiza nahodha, akasogelea kipaza sauti. "Ndugu zangu wapendwa," alisema, kila neno limenyooka kama shati lililopigwa pasi, "wakati wa kuinua nyavu zetu umewadia."

Melania akavuka ubao. Hatua ya kwanza, ya tatu, ya sita. Taa tisa zikamwangazia mwanzo hadi mwisho. Akafika upande wa pili, ukumbi ukashusha pumzi, pazia likafungwa kwa mapumziko, na safari hii halikukwama hata kidogo.

Inspekta alikuja nyuma ya jukwaa akimwongoza Wilfred kwa kiwiko.

"Umeona mwenyewe," alisema. "Ijumaa fundi alikuwa huku nyuma, taa zikazimika. Leo fundi nimekaa naye mimi, taa zimewaka. Mimi sina swali tena."

"Mchezo haujaisha, afande."

"Umebaki kiasi gani?"

"Nusu saa," alijibu Skolastika.

Wilfred aligeuka alipokuwa anarudishwa kwenye kiti. "Sajenti," alisema, "ningetaka giza ningechomoa waya mmoja tu. Zile swichi nane nilizikuta zimeshushwa. Nani anashusha nane wakati anaweza kuchomoa waya mmoja?"

"Mtu asiye fundi," alisema Veneranda.

"Ndiyo hivyo."

"Au fundi anayetaka nidhani si fundi," Inspekta akaongeza, akaondoka naye.

*

Veneranda alijisikia vibaya, na hakuwa na muda wa kujisikia vibaya. Alianza na Bi Zuhra, mama wa Ujiji aliyekiazima kikundi kanzu na vitenge vya maigizo, ambaye Ijumaa alikaa mbele kabisa.

"Shikamoo bibi. Zile taa Ijumaa, zilizimika mara moja?"

"Marahaba mwanangu. Nani kakwambia mara moja? Zilianza za pembeni. Huku moja, kule moja, huku moja, kule moja. Kwa utulivu kabisa, kama mtu anafunga duka lake jioni."

"Ikabaki?"

"Ile ya katikati. Ndiyo nikamwona yule binti akianguka. Bora ingezimika na hiyo, nisingeona."

Hakuna mtu aliyemwambia polisi hivyo Ijumaa, kwa sababu hakuna polisi aliyeuliza. Veneranda alipiga mstari mara mbili chini ya neno "utulivu" na kwenda kwa Mzee Yona.

Mzee alikuwa kwenye benchi lake mbele ya ubao, koti la ziwani mabegani ingawa joto lilikuwa kali. Swichi tisa zilikuwa mbele yake zimepangwa mstari mmoja. Ile ya tano ilizungushiwa uzi mwekundu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama."

"Huu uzi ni wa nini?"

"Huo niliuweka mimi. Ndiyo ya kati. Gizani mkono unatakiwa uijue."

"Na Ijumaa wewe ulikuwa hapa hapa?"

"Hapa hapa. Nilikuwa natazama mchezo kupitia huu mwanya." Alionesha nafasi kati ya pazia na ukuta. "Nikaona jukwaa limebaki na taa moja. Halafu makelele. Halafu Wilfred huyu hapa."

"Hakupita mwingine?"

"Oya, hapana, afande. Hakupita." Alishusha sauti. "Ni kijana mzuri yule. Ningekuwa na binti wa kuoza ningempa. Lakini mliniuliza niape, nami siwezi kuapa uongo."

Wala hakuwa anasema uongo. Veneranda alikuwa ameongea na waongo wengi wa Kigoma, wenye vyeo na wasio navyo, na mzee huyu hakuwa mmoja wao. Hilo ndilo lililomchanganya.

Alirudi kwenye daftari. Upande wa kushoto aliweka matukio ya Ijumaa, kulia ya leo. Pazia: leo tu. Jenereta: siku zote mbili. Halafu mstari mmoja aliokuwa ameupita mara nyingi kwa sababu kila mtu aliuona kuwa sehemu ya hujuma ya Wilfred. Ijumaa, dakika mbili kabla ya taa kuzimika, kipaza sauti kilikufa. Leo hakikufa.

"Thobias," aliita.

Nahodha wa mchezo alikuwa anajifuta jasho. Siku za kazi alikuwa fundi cherehani huko Buzebazeba, na alikuwa na majivuno ya mtu anayejua kuvaa.

"Ijumaa kipaza sauti kilipokufa ulifanyaje?"

"Nilisema maneno yangu."

"Yapi?"

"Yaliyoandikwa."

"Bila kipaza sauti? Ukumbi mzima huu?"

"Nina sauti."

Alijibu haraka mno na hakumtazama. Kwa nini huyu anadanganya kwenye jambo dogo hivi? Thobias ndiye aliyekuwa karibu zaidi na Lulu jukwaani. Thobias ndiye aliyetoa maelezo ya kwanza kuwa amemwona Wilfred ubaoni. Alimvuta pembeni, nyuma ya mitumba ya mavazi.

"Sikiliza. Kuna mtu anakwenda jela hapa. Nitakuuliza mara moja tu. Ulisema nini?"

Thobias alitupa jicho kwa Skolastika, aliyekuwa mbali akigombana na jenereta. "Usimwambie."

"Nani?"

"Mama Skola. Maandishi ni yake. Mwaka jana alimfukuza mtu kwa kuongeza chafya." Akasogea karibu. "Kipaza sauti kilikufa, nikaona yale maneno ya 'ndugu zangu wapendwa' hayatafika hata mstari wa pili. Nikapiga kelele ya manahodha wa Kibirizi. Ile ya kuwaambia watu dagaa wamekusanyika. Nilikuwa naisikia utotoni. Basi. Leo kipaza sauti kinafanya kazi, nikarudi kwenye maandishi."

"Na wewe ulishawahi kuvua?"

"Mimi? Natapika hata kwenye kivuko."

Yaani hiyo ndiyo siri yake yote. Veneranda alitamani kumzaba kibao na kumkumbatia kwa wakati mmoja.

"Wakisikia hiyo kelele, wavuvi wanafanya nini?"

"Wanavuta wavu, nadhani."

"Kabla ya kuvuta?"

Thobias hakujua. Veneranda naye hakujua, maana alizaliwa Kasulu na dagaa alikutana nao sokoni wakiwa wamekauka. Lakini sasa alikuwa na taa zilizozimwa kwa utulivu kutoka pembeni, na swichi yenye uzi ili mkono uijue, na mzee anayeapa ukweli.

"Sehemu ya mwisho nyavu zinainuliwa tena?"

"Mara mbili. Mavuno ya mwisho."

"Vizuri. Kipaza sauti kikifa, fanya kama Ijumaa. Mama Skola niachie mimi."

"Kwani kitakufa?"

"Vifaa hivi, nani anavijua," alisema Veneranda.

Kwa Melania alikwenda mwenyewe, akamshika mikono yote miwili. "Huko juu, ukisikia Thobias amepiga kelele, simama hapo ulipo. Usiinue mguu hata taa zikifanya nini. Unaweza kukataa, na sitakulaumu."

Melania alifikiri kidogo. "Lulu ananidai niimalize hii sehemu vizuri," alisema. "Nitasimama."

*

Saa kumi na dakika thelathini na moja Melania alikuwa katikati ya ubao, juu kabisa. Mstari wa mbele Wilfred alikuwa ameketi, mikono kwenye magoti. Inspekta alikuwa ameanza kufunga vifungo vya koti, kama mtu ambaye moyoni ameshaondoka.

Veneranda alisimama mahali ambapo aliweza kumwona Mzee Yona na ubao wake kutoka ubavuni. Waya wa kipaza sauti ulipita miguuni pake. Alisubiri Thobias avute pumzi ya "ndugu zangu", akaukanyaga waya kwa kisigino na kuuvuta kwa mkono.

Kipaza sauti kikafa.

Thobias alifungua mdomo, akasikia hakuna kitu, akatazama ukumbi wenye watu mia nne. Akarudi hatua moja nyuma. Akajaza kifua.

"Eee, wamejaaaa!"

Macho ya Mzee Yona hayakutoka kwenye mwanya wa pazia. Alikuwa anamtazama Melania, mdomo wazi kidogo kama watazamaji wote. Ni mkono wake wa kulia tu uliopanda. Ulikwenda kwenye swichi ya kwanza, tak. Ukavuka hadi ya tisa, tak. Ya pili, ya nane. Ya tatu, ya saba. Haukuharakisha wala haukusita. Ya nne, ya sita. Ulipofika kwenye uzi mwekundu uliugusa kwa kidole, ukatulia hapo.

Jukwaa lilikuwa giza isipokuwa duara moja katikati, na Melania ndani yake, amesimama wima.

Kutoka viti vya nyuma sauti nene za wanaume zikajibu, nyingi kwa pamoja: "Vutaaa!" Wavuvi wa Kibirizi walikuwa wamesimama. Hawakushituka hata kidogo. Mikono yao ilikuwa inavuta kamba isiyokuwepo, kwa pamoja, wakiitikiana, na ukumbi mzima ukaanza kuitikia nao, wanawake kwa watoto, mpaka mablanketi ya madirishani yakatikisika. Mvuvi mmoja karibu na jukwaa alimwambia mwenzake kwa sauti ya kuridhika, "Hapo sasa. Taa wamezima vizuri."

Veneranda alisimama kando ya benchi. Miaka kumi na mmoja ya kazi, hakuwahi kuona ushahidi ukishangiliwa.

Mzee Yona aligeuka. "Afande," alisema, "nani kazima?"

"Tazama mkono wako, mzee."

Akautazama. Kidole kilikuwa bado juu ya uzi mwekundu. Alikitazama kwa muda mrefu, halafu akazitazama swichi nane zilizoshuka, moja moja, kutoka pembeni kuja kati.

"Ego, ndiyo," alisema polepole. "Wakijaa, unazima za nje. Dagaa wanakimbilia ile moja, juu ya wavu." Akakiondoa kidole. "Nimezizima mimi."

"Hukujua."

"Niliapa, mama. Yule kijana amelala ndani siku mbili kwa kiapo changu. Na binti wa watu nyonga yake..." Alinyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu. "Nifunge."

Inspekta Telesphory alifika akikanyaga nyaya, Wilfred nyuma yake bila kushikwa na mtu. Alitazama ubao, akamtazama mzee, akapapasa mfuko wenye pingu.

"Nilikuwa nimekaa naye," alisema, kama anayejieleza kwa mtu. "Mikono yake niliiona muda wote."

"Ndiyo, afande. Jina jingine hilo hapo. Ila niambie shitaka tuandike lipi. Kuvua dagaa ndani ya ukumbi?"

Inspekta alifikiri, na, tumpe haki yake, alifikiri bila upendeleo. Alitoa mkono mfukoni ukiwa mtupu. "Andika maelezo mapya ya mzee. Na hili la Wilfred lifungwe leo hii."

Skolastika alitokea, uso umeiva. "Nani ameua kipaza sauti changu? Nani amebadilisha maandishi yangu?" Halafu akausikia ukumbi. Akasikiliza. Kelele za "vuta" zilikuwa zinagonga paa. "Washeni hizo taa," alisema kwa sauti nyingine kabisa. "Thobias arudie vile vile mara ya pili."

Mzee Yona hakusogeza mkono. "Siwezi kuugusa tena," alisema. "Siujui mkono huu."

Wilfred alikuwa amesimama pale, macho mekundu ya kukosa usingizi. Alikuwa na haki ya kusema maneno mengi na Veneranda alijiandaa kuyasikia. Badala yake alipita mbele ya mzee, akainua swichi ya nne na ya sita, ya tatu na ya saba, mpaka zote nane zikawaka na ziwa la turubai likarudi. Halafu akaketi kwenye benchi, upande wa kulia.

"Lete, mzee," alisema.

Akauchukua mkono wa kulia wa Mzee Yona, akauweka kwenye paja lake, akaufunika kwa mikono yake miwili.

Jukwaani Thobias alirudi hatua moja nyuma. Melania alikuwa juu ya ubao, mguu mmoja tayari mbele. Ukumbi ulisubiri.

"Eee, wamejaaaa!"

Veneranda aliiona mikono yote mitatu ikiruka kwa pamoja juu ya paja la Wilfred, mara moja, kisha ikatulia. Melania akavuka. Taa tisa ziliendelea kuwaka.